Swali: Njiani kutoka Muzdalifa nilijikubali nilivyo. Je, utulivu ule ulikuwa wa Mwenyezi Mungu au ni hadaa ya Shetani?

SWALI

Asalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Mwaka jana Mwenyezi Mungu alinijaalia kwenda Hija. Pale Arafa wenzangu walilia mpaka wakashikwa na kwikwi, mimi halikunitoka hata chozi moja, nikajiona nina moyo wa jiwe. Usiku wa Muzdalifa kiongozi wetu akasema wanawake na wazee watangulie Mina baada ya nusu ya usiku. Mabasi yakakwama, tukashuka tukatembea. Mimi ni mnene na magoti yananisumbua, kwa hiyo tukabaki nyuma mimi na mwenzangu mmoja, naye si mtu wa maneno mengi. Katika mwendo ule niliyapitia maisha yangu yote: mwili wangu huu ninaouonea haya tangu usichana, ndoa iliyovunjika kwa sababu sikuzaa, na maneno makali niliyomwambia mama yangu kisha akafariki hatujapatana. Siku zote nikiyakumbuka hayo hujilaani. Usiku ule sikujilaani. Nilisema tu moyoni, "Ya Rabi, ndiye mimi huyu," kifua kikatulia, nikatembea mpaka Jamarat, panaporushwa vijiwe. Niliporudi nikamsimulia rafiki yangu wa darsa, akaniambia nijihadhari, kwani wanazuoni wamesema kuridhika na nafsi ndio mzizi wa kila maasi. Sasa nimeingiwa na hofu. Je, Hija yangu ilisihi bila machozi? Utulivu ule ulitoka wapi? Na mbona nikiwa nyumbani naona unapungua?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, Mwenyezi Mungu akutakabalie.

La Hija nalimaliza haraka kwa sababu halina utata. Mtume (s.a.w.) amesema, "Hija ni Arafa." Uliingia ihramu, ukasimama Arafa ndani ya wakati wake, na ikiwa ulitufu tawafu ya ifadha (kuizunguka Kaaba baada ya Arafa), ukafanya sai (mwendo wa Safa na Marwa) na kupunguza nywele, basi nguzo zimetimia. Kuondoka Muzdalifa baada ya nusu ya usiku nako ni sahihi katika madhehebu yetu ya Shafii, tena kwa mtu kama wewe hakuna madhehebu yatakayokulaumu. Machozi hayamo katika nguzo wala katika wajibu. Ni fadhila, na jicho lililolia kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu lina daraja yake kubwa. Lakini kuna watu hulia kwa kuwa moyo umelainika, kuna wanaolia kwa kuwa hema zima linalia, na wapo wanaotoka wakavu siku ile halafu wakalia nyumbani kwao miezi miwili baadaye wakiwa wanaosha vyombo. Usiyafanye machozi kuwa mizani.

Tuje kwenye lile lililokusukuma kuandika.

Kwanza niiseme njia yenyewe, maana watu huiona kama muda wa kupoteza kati ya ibada na ibada. Ukiitazama Hija, sehemu kubwa yake ni kwenda: kutoka Makka hadi Mina, Mina hadi Arafa, Arafa hadi Muzdalifa, kilomita kadhaa kila kipande, kisha kurudi Mina kurusha vijiwe. Na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokwenda imehifadhiwa kwa undani kama zilivyohifadhiwa dua zake. Katika Hija yake ya mwaka wa 10 Hijria, jua lilipokwisha kutua Arafa, aliondoka na Usama bin Zayd amempakia nyuma yake. Sahaba Jabir anasimulia kwamba aliivuta hatamu ya Qaswa, ngamia wake, mpaka kichwa cha mnyama kikakaribia kugusa tandiko, huku akiashiria kwa mkono wa kulia: "Enyi watu, utulivu, utulivu!" Ibn Abbas naye anasimulia kwamba alisikia nyuma yake makelele na ngamia wakichapwa, akawaashiria kwa mjeledi wake na kusema kwamba wema haupatikani kwa kwenda mbio. Kisha Usama anaeleza jambo dogo ambalo mimi nalipenda sana. Walipofika kwenye bonde fulani la njiani Mtume alishuka, akajisaidia haja ndogo, akatawadha udhu mwepesi. Usama akamkumbusha: "Sala, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu." Akamjibu, "Sala iko mbele yako." Akapanda, wakaendelea.

Yule mja aliyekamilika kuliko sote hakuona aibu kusimama njiani kwa haja ya mwili wake, wala hakuharakisha kile ambacho wakati wake haujafika.

Hapa nina neno na viongozi wa vikundi vyetu, wanisamehe. Unawakuta wamebeba vipaza sauti, wanatamka dua sentensi kwa sentensi na mahujaji wanaitikia bila kujua wanachokisema, tangu wanaanza tawafu mpaka wanaingia hemani. Anayeachwa peke yake dakika tano anatoa simu awaonyeshe wa nyumbani. Talbiya na dhikri ni sunna, na atakayezijaza njia nzima kwazo amefanya vyema. Lakini mtu naye anahitaji nafasi ya kujisikiliza. Sayyidna Umar aliwaambia watu wazihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa, na hesabu haifanyiki penye kelele. Wewe na mwenzako msiosemeshana mlipata nafasi hiyo, tena bila kuitafuta.

Sasa, katika barua yako umeyaweka pamoja mambo matatu na kuyaita yote "maisha yangu". Hukumu zake si moja, na nadhani hofu yako imetokana na kuyachanganya.

Nianze na mwili, maana hilo ndilo uliloliandika kwa aibu zaidi, na ndilo ambalo sharia imelisemea kwa upole zaidi. Unajua ni nani aliyeondoka Muzdalifa usiku kabla yako? Bibi Sawda, mke wa Mtume (s.a.w.). Bibi Aisha anasimulia katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kwamba Sawda alikuwa mwanamke mzito, mwenye mwendo wa taratibu, akamwomba Mtume ruhusa atangulie kabla ya msongamano wa watu. Akamruhusu. Wengine wakabaki mpaka asubuhi. Na Aisha, aliyekuwa kijana na mwepesi, alikuja kusema kwamba lau naye angeomba ruhusa kama alivyoomba Sawda, jambo hilo lingempendeza kuliko kila cha kufurahisha.

Tazama jinsi Sawda alivyofanya. Hakujificha, hakujilazimisha kwenda sawa na wengine ili aonekane mcha Mungu zaidi, hakuomba radhi kwa uzito wake. Aliujua mwili wake ulivyo, akausemea kwa mumewe ambaye ndiye Mtume wa Mwenyezi Mungu, na ruhusa aliyopewa ikawa msingi ambao wanazuoni huutaja wanapowaruhusu wanyonge watangulie. Magoti yako yalipita kwenye rukhsa hiyohiyo. Bibi Ummu Salama alishtaki kwamba anaumwa, akaambiwa atufu nyuma ya watu hali amepanda mnyama, na akatufu hivyo huku Mtume akisali pembeni mwa Kaaba, akisoma Surat At-Tur. Na yule mzee aliyekuwa akikokotwa kati ya wanawe wawili kwa kuwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, Mtume alipoambiwa habari yake alisema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na huyu kuitesa nafsi yake, akamwamuru apande.

Ukisoma habari hizi zote pamoja utaona kwamba katika Hija aliyeuchukia mwili wake akaulazimisha ndiye aliyerudishwa, na aliyekiri udhaifu wake alifunguliwa mlango. Mwenyezi Mungu ndiye aliyesema kwamba mwanadamu ameumbwa dhaifu. Basi kuukubali mwili wako si ridhaa ya nafsi iliyokatazwa. Ni kuacha kumlaumu Fundi kwa kazi yake. (Kuutunza ni jambo jingine, na daktari akikwambia upunguze uzito kwa ajili ya hayo magoti, msikilize.)

La pili, kutozaa na talaka. Hili nalo ni la kukubali, na wala halihitaji maneno mengi, kwa sababu Mwenyezi Mungu amelisema kwa uwazi katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50: humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, au huwachanganya, na humfanya amtakaye kuwa tasa, hakika Yeye ni Mjuzi, Muweza. Utasa umetajwa katika pumzi moja na uzazi, na vyote viwili vimerejeshwa kwenye elimu yake na uwezo wake. Bibi Aisha hakuzaa. Aliitwa Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake, na waumini wote mpaka leo ni wanawe. Wewe umefundisha watoto wa watu mpaka ukastaafu, na sidhani kama hata mwenyewe unaweza kuwahesabu. Aliyekuacha kwa hilo, hesabu yake iko kwa Mola wake. Usimbebee.

La tatu ni mama. Hapa dada yangu itabidi tuende polepole, kwa sababu hapa ndipo rafiki yako ana haki ya kukuonya, ingawa ameonya kwa jumla mno.

Kumtolea mzazi maneno makali ni dhambi, na dhambi haikubaliwi. Inatubiwa. Ukisema "ndiye mimi huyu" kwa maana ya "ndivyo nilivyo, nina hasira, basi", huo ni mlango wa Shetani na utulivu wake ni sumu. Lakini mtu anaweza kutamka maneno hayohayo kwa maana nyingine kabisa. Nabii Musa (a.s.) aliua mtu kwa ngumi. Hakujitetea kwamba ugomvi haukuwa wake. Alisema, "Mola wangu, nimeidhulumu nafsi yangu, basi nisamehe," akasamehewa. Kisha akaikimbia Misri, hana mali wala mwenyeji anayemjua, mpaka akafika Madyan, akawanyweshea wanyama wasichana wawili, akarudi kivulini. Hapo akasema maneno yaliyomo katika Surat Al-Qasas, aya ya 24: "Mola wangu, hakika mimi ni mhitaji wa heri yoyote utakayoniteremshia." Dhambi ilikwisha kukiriwa nyuma kule. Kilichobaki kivulini ni mtu mmoja na haja yake mbele ya Mola wake. Hakurudia kujilaani, wala hakujisifu kwamba ametubu. Nikiisoma barua yako, "Ya Rabi, ndiye mimi huyu" naiona iko karibu zaidi na maneno haya kuliko na kiburi, kwa sababu ulianza na "Ya Rabi". Mwenye kughurika hamwiti yeyote. Anazungumza na kioo.

Na kuhusu mama hasa, soma Surat Al-Israi. Watu huishia kwenye aya ya 23 na ya 24, zile za kukataza hata neno "ah!" na kuamrisha bawa la unyenyekevu. Endelea mpaka ya 25: "Mola wenu anajua zaidi yaliyomo nyoyoni mwenu. Mkiwa wema, basi Yeye ni Msamehevu kwa wanaorejea kwake." Said bin Jubayr, mwanafunzi wa Ibn Abbas, ameeleza kwamba aya hii inamhusu mtu ambaye neno limemchomoka kwa wazazi wake hali moyoni hakukusudia ila wema. Imewekwa mara tu baada ya amri nzito, kwa watu kama wewe na mimi. Kama hivyo ndivyo ulivyokuwa na mama yako, aya ni yako. Na kama siku ile ulikusudia kumuumiza kweli, basi mlango ni huohuo wa kurejea, ila utaingia ukiwa umelitaja kosa kwa jina lake.

Haki za watu hazifutwi kwa Hija peke yake. Mama hayupo umwombe radhi, lakini njia za kumfikia zimebaki: kumwombea maghufira, kutoa sadaka kwa niaba yake, kulipa deni lake kama lipo, na kuwaendea aliowapenda. Katika Sahih Muslim imo habari ya Abdallah bin Umar, naye alikuwa njiani kwenda Makka. Alikuwa na punda wa kupumzikia anapochoka kupanda ngamia, na kilemba anachojifunga kichwani. Akakutana na bedui, akamuuliza, "Wewe si fulani mwana wa fulani?" Alipothibitisha, akampa yule punda apande na kile kilemba ajifunge. Wenzake wakashangaa: mabedui hawa huridhika na kidogo, vipi umpe kipando chako na kilemba chako? Akasema kwamba baba wa huyu alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa wema ulio bora kabisa ni mtu kuwaunga watu wa kipenzi cha baba yake. Umar alikuwa ameshafariki. Mwanawe akamtendea wema kwenye njia ya Hija, kwa punda na kitambaa. Wewe mtafute shoga wa mama yako aliyebaki hai, au mwanawe. Hakika yupo pale mtaani.

Nije kwa rafiki yako. Maneno aliyoyataja si ya kubuni. Ni ya Ibn Ataillah wa Iskandaria, mwalimu wa tarika ya Shadhili aliyefariki Cairo mwaka wa 709 Hijria, na kwa Shadhili hao Ngazija na pwani yetu si wageni. Amesema kwamba asili ya kila maasi, mghafala na matamanio ni kuridhika na nafsi. Ni kweli, na ni maneno ya kuogopwa. Lakini ni huyohuyo ambaye hekima yake ya kwanza kabisa inasema kwamba miongoni mwa alama za mtu kutegemea amali zake ni kupungukiwa na matumaini pale anapoteleza. Ziweke pamoja. Mtu anayejilaani miaka na miaka kwa kosa moja, asione rehema ya Mola wake inafika pale alipo, huyo naye anaitazama nafsi yake usiku na mchana. Anaitazama kwa chuki badala ya kwa mapenzi, lakini bado ndiyo anayoitazama. Alidhani yeye ni mtu asiyeweza kufanya vile, amejikuta amefanya, na hawezi kujisamehe kwa kuwa alijiona mkubwa kuliko alivyo. Nadhani sehemu ya ulichokiweka chini njiani mwa Mina ilikuwa ni mzigo huo, na kiburi kikiwa kimevaa nguo za toba huwa vigumu kukitambua.

Kwa hiyo jibu langu juu ya utulivu ule: sikuwemo kifuani mwako, lakini dalili zake ni njema. Haukukufanya uache kurusha vijiwe, haukukufanya umwone mwenzako duni, na umekuacha bado unamtaja mama yako kwa majuto. Utulivu wa Shetani humsahaulisha mtu deni. Wako umekufanya uandike barua kuuliza namna ya kulilipa.

Kuhusu kupungua kwake nyumbani, usiogope hata kidogo. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), alitoka akisema, "Hanzala amekuwa mnafiki!" Abu Bakr akamuuliza kulikoni. Akasema, tukiwa kwa Mtume akitukumbusha Pepo na Moto huwa kama tunaviona kwa macho, tukitoka tukashughulika na wake na watoto na mali zetu, tunasahau mengi. Abu Bakr akakiri kwamba naye hupatwa na hayohayo. Wakaenda wote kwa Mtume, akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao, "lakini, ewe Hanzala, saa hii na saa hii." Akalirudia mara tatu. Sasa kama Abu Bakr alikuwa na saa zake mbili, mimi na wewe tunataka ngapi? Usiukimbilie utulivu ule kwa kuukumbuka kila siku na kuusimulia kila darsa. Ukiusimulia sana utageuka kuwa hadithi yako. Shika jambo moja dogo unaloweza kudumu nalo. Ukienda dukani au msikitini kwa miguu, nenda bila simu mkononi na useme ile dua ya Musa.

Na kwa kuwa umeshajihijia mwenyewe, ukipata uwezo tena inafaa umfanyie mama yako Umra, au Hija kama hakuwahi kuhiji. Mwanamke wa kabila la Juhayna alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mama yake aliyeweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla ya kuitimiza, akamwambia, "Ndiyo, mhijie." Utanuia kwa niaba yake kwenye mikati, yaani mahali pa kuanzia ihramu, useme "Labbayka Allahumma umratan an" kisha umtaje kwa jina lake, na yaliyobaki utayafanya kama ulivyoyafanya kwa ajili yako. Safari hiyo omba kiti cha magurudumu mapema kwenye sai, usisubiri magoti yakatae.

Wallahu aalam.